Gari la LEGO Technic linaunguruma lakini haliendi: tafuta ubovu kuanzia kwenye tairi

"Mjomba, mota imeungua." Simu za mpwa wangu huanza hivyo karibu kila mara, na karibu kila mara mota ni nzima. Katika magari yote ya LEGO, yale ya vipande vya plastiki vya kuunganisha, niliyofungua mezani kwangu, ya kwangu na ya watu, mota zilizokufa kweli hazifiki tano. Kinachokuwa kimeharibika kipo kati ya mota na ardhi: ekseli imebanwa, gia haikushikwa vizuri, au pini ya rangi isiyo yake imewekwa mahali pa kuzunguka. Ukiyamaliza hayo, kinachobaki ni betri.

Ndiyo maana hapa nakwenda kinyumenyume: naanzia kwenye tairi na kupanda kuelekea mota. Nazungumzia zaidi mfumo wa Power Functions, ulioanza 2007, wenye kiboksi cha betri 6 na rimoti ya miale ya infraredi, kwa sababu ndio unaopatikana sana kwenye vifaa vya mtumba. Nitagusa pia Powered Up, ule unaoendeshwa kwa simu kupitia bluetooth. Mambo ya gia na ekseli ni yale yale kwote, hata kama vipande vyako ni vya kampuni nyingine iliyoiga vipimo vya LEGO.

Likiinuliwa tairi zinazunguka, likishushwa linaunguruma tu

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda wako. Zima mota. Chomoa gia ya kwanza inayotoka kwenye mota ili magurudumu yabaki huru. Weka gari mezani ulisukume kwa kidole kimoja. Gari lililofungwa vizuri linateleza lenyewe ukiinamisha meza kidogo. Likigoma kusukumika, acha kuifikiria mota, una msuguano. Sasa fungua kimoja kimoja: toa tairi la kwanza, sukuma, toa la pili, sukuma, toa propela shafti, sukuma. Kile ambacho ukikitoa gari linalainika ghafla ndicho mchawi wako. (Kama umetumia gia ya parafujo, jaribio hili halifai mpaka uitoe, maana gia hiyo haikubali kuzungushwa kutokea upande wa tairi.)

Mara nyingi mchawi ni bushi, zile pete ndogo za kuzuia ekseli isitembee. Mtu akijenga anazisukuma mpaka zibane mhimili, ule ufito wenye matundu ambamo ekseli inapita, akidhani ndiyo uimara. Bushi iliyobana ni breki. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, kiweke kati ya bushi na mhimili, sukuma bushi mpaka iguse, kisha vuta karatasi itoke. Nafasi inayobaki inatosha. Ekseli icheze mbele na nyuma kwa unywele, basi.

Sababu ya pili ndiyo inayofanya gari liende vizuri hewani na kugoma chini: ekseli imeshikwa upande mmoja tu. Tairi likining'inia nje ya mhimili mmoja, uzito wa gari unaipinda ekseli kwenda juu, nayo inajikaba ndani ya tundu lake. Kadiri tairi lilivyo mbali na mhimili ndivyo linavyokaba zaidi. Shika ekseli sehemu mbili zilizo mbali, au zungushia tairi fremu inayolishika ndani na nje. Gari likizidi kilo 1, silijengi kwa namna nyingine.

Kuna pini pia, vile vijiti vifupi vya kuunganisha mihimili. Nyeusi zimetengenezwa na msuguano makusudi, ili mihimili isilegee. Za kijivu zinazunguka huru. Katika zile ndefu za hatua 3 (hatua moja ni umbali wa tundu hadi tundu, milimita 8), za buluu zinakaba na za rangi ya mchanga ziko huru. Ukiweka nyeusi kwenye kiungo cha usukani au mkono wa sospensheni, unaibebesha mota mzigo usioonekana. Ukinunua fungu la mtumba lenye pini zilizochanganywa, zitenge rangi kwanza. Kazi ya kuchosha, lakini nimewahi kulivunja gari zima kwa ajili ya pini 4.

La mwisho katika kundi hili ni fremu iliyopinda bila kuonekana. Umbali kati ya vinundu vya LEGO ni milimita 8, lakini tofali lina kimo cha milimita 9.6. Ukipanga matofali yenye matundu moja juu ya jingine, matundu hayalingani na mihimili iliyosimama wima. Ukilazimisha, vipande vitakubali kwa sababu plastiki inanyumbulika, lakini ekseli itakayopita humo itakuwa inasukumwa pembeni muda wote. Dawa ni bamba: tofali, bamba 2, kisha tofali. Bamba moja ni milimita 3.2, kwa hiyo 9.6 ukijumlisha 6.4 unapata 16, sawasawa na hatua 2.

Linateleza vizuri likisukumwa, lakini mota bado hailiwezi

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Chukua gari la kilo 2 lenye tairi za kipenyo cha milimita 81.6. Kulipandisha mlima wa nyuzi 30 kunataka msukumo wa niutoni 10 hivi. Kutoka katikati ya tairi hadi ardhini ni kama sentimita 4, kwa hiyo ekseli inahitaji kusokotwa kwa niutoni-sentimita 40. Mota ya XL ya Power Functions ikipewa volti 9 inasimama kabisa inapofikia takriban hizo hizo 40. Ukiifunga moja kwa moja kwenye ekseli, itasimama na kuunguruma mpaka ipate joto, na wewe utasema imeungua.

Weka gia ya meno 8 iendeshe ya meno 24. Sasa mota inadaiwa 13 na kidogo, pamoja na msuguano, na gari linapanda. Unacholipa ni spidi. XL bila mzigo huzunguka takriban mara 220 kwa dakika; gawa kwa 3 unabaki na 73, na tairi lile linakwenda sentimita 25.6 kila mzunguko. Hiyo ni mita 18 na ushei kwa dakika, na pungufu likiwa na mzigo. Taratibu, ndiyo. Lori la kweli likipanda mlima nalo halikimbii.

Mota ya L huzunguka karibu 390 kwa dakika na kusimama kwenye 18. Ya M kama 405 na 11. Wengi wanaanza na M kwa sababu ni ndogo na inaingia popote, kisha wanaiwekea gari la kilo 2. Iache M iendeshe winchi au feni ya injini.

Punguzo hilo la gia liweke karibu na tairi kadiri inavyowezekana. Likiwa karibu na mota, propela shafti, krosi (viungo vinavyokunjika vya shafti) na difu (gia zinazogawia tairi mbili nguvu) vyote vinabeba nguvu iliyokwisha kuzidishwa mara 3, na hapo ndipo krosi zinapopasuka. Likiwa kwenye kitovu cha gurudumu, shafti inazunguka haraka lakini kwa wepesi. Seti ya 42099 ya 2019, gari la porini lenye mota 2 za XL na moja ya L, ilikuja na vitovu vyenye gia za sayari ndani, yaani gia ndogo zinazoizunguka ya kati, kwa sababu hiyo hiyo. Kama huna vitovu hivyo, meno 8 na 24 pembeni mwa kila tairi yanafanya kazi, na yanakuinulia ekseli juu ya mawe.

Ta-ta-ta-ta: gia zinaruka meno

Sauti hii haihitaji maelezo. Shika gari, zuia tairi kwa mkono, washa mota kwa muda mfupi sana na uangalie gia moja moja. Utaona mbili zinazosogea mbali na mwenzake, jino linapanda juu ya jino, halafu zinarudi. Gia zenyewe hazina kosa. Mihimili inayozishika ndiyo inayofunguka.

Funga mhimili wa kukatiza unaopita karibu kabisa na gia zote 2, pande zote. Fremu ile ya mstatili ya hatua 5 kwa 7 iliundwa kama kwa ajili hii. Gia za koni, hasa ile ndogo ya meno 12 inayosukuma difu, ndizo sumbufu zaidi, kwa kuwa zinasukumana kwenda nje pande 2 kwa pamoja. Bushi ya nyuma yake isipokuwepo, au ikiwa na nafasi ya zaidi ya karatasi ile, zitaruka tu.

Kama sauti ipo hata bila mzigo, pima umbali. Katika LEGO, ukigawa idadi ya meno kwa 2 unapata nusu kipenyo cha gia kwa milimita. Meno 8 na 24: 4 jumlisha 12 ni 16, hatua 2 kamili. Meno 12 na 20, vivyo hivyo. Meno 8 na 40 ni hatua 3. 24 na 24 pia 3. Lakini 16 na 24 inakuja milimita 20, yaani hatua 2 na nusu, na hakuna tundu hapo kwenye mhimili wa kawaida. Ukiziweka hatua 3 meno hayafikiani kabisa, na ukiziweka hatua 2 haziingii.

Halafu kuna gia moja inayodanganya watu. Ni ya meno 24, inafanana na nyingine zote, ila katikati ina kitovu cha rangi tofauti na imeandikwa kwa herufi ndogo 2.5 hadi 5 Ncm (niutoni-sentimita). Hiyo ni klachi. Imetengenezwa iteleze ikizidiwa, ili winchi au usukani ukifika mwisho mota isivunje kitu. Nilipoteza usiku 2 nikitafuta kwa nini lori langu linaunguruma bila kwenda. Nilikuwa nimeiweka kwenye giaboksi kuu. Weka kioo cha kukuzia kama macho yameanza kuchoka. Hakuna aibu.

Linakwenda dakika chache, linazima, likipumzika linaamka

Hii si bahati mbaya, ni ulinzi. Kiboksi cha betri na kipokezi cha rimoti vinakata umeme vikipata joto la mkondo mkubwa, na vikipoa vinarudi. Kila kitu kikizima kwa pamoja, tazama kiboksi. Mota zilizo kwenye tundu moja zikizima huku nyingine zikiendelea, ni kipokezi. Kwa vyovyote, maana yake mota inavuta umeme kupita kiasi, na mota huvuta sana inapozuiwa. XL iliyosimama inavuta karibu ampea 2. Rudi kwenye sehemu za juu: msuguano, au gia. Ukiwa na XL 2 kwenye kipokezi kimoja, usiziunge tundu moja.

Kama linapoteza nguvu polepole badala ya kukatika, ni betri. Betri za bei ya chini, zile za redio na saa ya ukutani, zina volti 1.5 kwenye kifuniko kama alkalini, lakini haziwezi kutoa mkondo mkubwa. Ukipima kwa mita zikiwa zimetulia utaona volti 9. Washa mota huku mita ikiwa imeshikwa uone zinavyoporomoka. Kipimo cha betri bila mzigo hakikuambii kitu. Za kuchaji aina ya NiMH ni volti 1.2 kila moja, hivyo 6 ni 7.2. Gari litapungua spidi, lakini zinavumilia mkondo mkubwa vizuri zaidi kuliko zile za redio, na mimi ndizo ninazotumia. Masharti ni mawili: zote ziwe za aina moja na za umri mmoja. Moja ikiwa chovu kati ya 6, wenzake wataisukuma mpaka igeuke chanya na hasi, na hapo imekwisha.

Sisi wa pwani tuna adha ya ziada, unyevu na chumvi. Betri iliyosahaulika kwenye kiboksi inavuja ukungu mweupe unaokula vibati vya kugusia. Uchafu wa alkalini unasafishwa kwa siki au maji ya ndimu kwenye pamba ya sikio. Vaa glavu, kisha pitisha pamba yenye maji safi na uache kikauke kabisa. Kikimaliza kuliwa, hakuna ndimu itakayokirudisha.

Kiboksi cha betri ndogo za AAA kinajizima chenyewe baada ya saa 2. Wengi hukifungua bure.

Usukani haurudi katikati, au unavuta upande

Mota ya servo ya Power Functions inajirudisha katikati yenyewe, lakini haijui katikati yako iko wapi. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke ekseli tairi zikiwa zimenyooka. Ukichomeka ikiwa imezimwa, utakuwa na gari linalokunja kona moja vizuri na nyingine nusu.

Kwenye Powered Up, programu hutafuta mwisho wa kushoto na wa kulia kwa kusukuma mpaka ikwame, kisha inagawa katikati. Kama hukuweka kizuizi imara, gia zitaruka wakati wa kutafuta na katikati itakuwa popote. Weka kizuizi kwenye raki (ule ufito wa usukani wenye meno) au kwenye mkono wa tairi, si kwenye gia.

Ikiwa usukani unageuka vizuri gari likiwa limeinuliwa lakini chini unashindwa, tazama umbali kati ya nguzo ambayo tairi linageukia na katikati ya tairi lenyewe. Nguzo ikiwa mbali ndani, tairi halijigeuzi mahali pake, linazunguka upinde mzima likijiburuza ardhini. Sogeza nguzo ndani ya rimu. Ukishindwa, punguza uzito wa mbele; kiboksi cha betri kikienda nyuma, nusu ya tatizo imeondoka.

Gari la minyororo, kama buldoza lenye mota 2, likivuta upande mmoja, usibahatishe. Badilisha nyaya: ya kushoto iende kulia. Upande mbovu ukihama, shida iko kwenye umeme. Ukibaki palepale, badilisha mota zenyewe. Ukiendelea kubaki, ni msuguano wa upande huo. Dakika 10 na umejua. Na kama pande 2 zinakwenda kinyume, mota zimetazamana kama kwenye kioo. Geuza mwelekeo wa moja kwenye rimoti au ongeza gia moja katikati.

Tairi moja linazunguka hewani, mengine yamelala

Hiyo ni difu ikifanya kazi yake, kama kwenye gari lolote lililokwama matopeni. Toa difu ya nyuma, weka ekseli nzima yenye gia. Ya mbele iache ili kona ziwezekane. Usiigandishe kwa gundi.

Shafti inachomoka kila likiruka jiwe

Sospensheni ikibonyea, umbali kati ya giaboksi na ekseli unabadilika. Kama shafti ina urefu usiobadilika, ama inachomoka ama inasukuma mpaka inakaba, na dalili yake inafanana na ile ya kwanza kabisa. Hakikisha krosi iko mahali hasa ambapo mkono wa sospensheni unakunjikia, isiwe mbele wala nyuma yake. Ukikosa nafasi, weka kiungo kinachoteleza chenye ziada ya hatua moja.

Rimoti au simu haisikiki

Kwa infraredi, angalia namba ya chaneli pande zote mbili, 1 hadi 4, kabla ya kufungua chochote. Nje kwenye jua la saa saba mchana miale inazidiwa. Sogea kivulini ujaribu tena. Kichwa cha kipokezi kinatakiwa kionekane. Ukikifunika na bodi nzuri ya gari, gari litakuwa kiziwi.

Kwa bluetooth, simu nyingi zenye Android ya zamani hazioni kifaa mpaka uruhusu mahali ulipo. Hakikisha pia simu ya mtoto mwingine haijakiunganisha tayari. Kikikatika kila unapopanda mlima, rudi kwenye betri: mota ikikwama, volti zinashuka na kifaa kinazima kwa sekunde. Kusasisha programu kunahitaji bando, kwa hiyo fanya nyumbani kabla ya kwenda kuonyesha watu.

Unga wa kijivu na ekseli iliyoganda

Unga chini ya gari ni plastiki iliyosagika. Ufuate mpaka unakotoka. Kwa kawaida ni ekseli inayozunguka haraka huku ikibeba mzigo kwenye tundu moja. Ukiacha, joto litayeyusha plastiki na ekseli itaganda ndani ya mhimili. Hutokea sana kwa ile mota kubwa ya zamani yenye matundu 2 ya ekseli, inayozunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na kwa vifaa vya BuWizz, viboksi vya betri vya kampuni nyingine, vinavyopandisha volti kupita 9.

Mpwa wangu aliwahi kumiminia oili ya cherehani. Usifanye hivyo. Mafuta yanayotokana na petroli, kama hayo, yanaweza kuipasua plastiki ya aina hii, na yanashika vumbi likawa msasa. Tone dogo la silikoni halidhuru, lakini mimi nikiona ekseli inataka mafuta, naongeza mhimili wa pili wa kuishika. Ekseli iliyokwisha ganda ivute kwa koleo huku ukiizungusha, na mhimili ule usiurudishe kwenye sehemu inayozunguka. Utafaa kwenye bampa.